Mwezi Huu Sikulia

Kanazi, Ngara

Shangazi Avelina, shikamoo.

Maharage tumeshavuna. Nakumbuka ulivyonifundisha kuanika vitambaa vyangu vya hedhi chini ya kanga, kaka zangu wasivione. Leo mume wangu Sostenes ananiuliza kila asubuhi kama siku zangu zimeanza, utadhani anaulizia mvua! Daktari anataka kupiga picha ya mirija ya uzazi damu ikishakatika tu, kabla yai halijatoka.

Miaka yote damu hiyo ilikuwa ikiniliza. Jana ilipokuja, nilimwita Sostenes huku nacheka.

Wewe mumeo alikurudisha nyumbani kwa kukosa mtoto, bila kipimo chochote, ndipo nikapata wa kunilea. Njoo unisindikize. Wakiuliza nimekuja na nani, nitasema ni mama.

Ildefonsa wako