Mseti Kanishinda Hata Kulewa

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Mseti kaingia Musoma! Katoka Mugeta na begi moja na Biblia. Nimempokea mimi — nani mwingine? Mtu niliyefika Mwanza, Kisumu, hadi Kampala (karibu). Analala kwangu Kigera. Kazi ya kubeba magunia nimemtafutia mimi. Sisi makuli asubuhi tunapigaga gongo kidogo, mgongo usilie. Yeye kakataa. Kaokoka. Haya.

Ijumaa, 13 Septemba
Eunice anayetupikia pale sokoni namchekesha mwaka mzima, napewaga mkia wa samaki. Leo Mseti kapewa kichwa cha sato! Bure! Eti kaka Mseti ana adabu. Mimi nina nini, upele?

Jumamosi, 14 Septemba
Nimempeleka kilabuni. Akakataa tena. Nikamuuliza mbele ya watu: tumetahiriwa siku moja, wewe ni rika langu — kikombe cha rika kinakataliwaga tangu lini? Akanywa. Akakohoa mpaka machozi! Nilicheka mimi. Na Eunice kaona. Kibanda chake si kinatazamana na kilabu!

Jumatano, 9 Oktoba
Jamani! Sasa ananiamsha yeye twende tukanywe. Anasema bila gongo gunia halinyanyuki, na jioni ni ndefu, mji mzima hakuna wa kumwamkia. Alfonce msimamizi anampa lori la kwanza kila siku. Mimi mkongwe nasubiri! Hata kulewa kanishinda. Na Eunice badala ya kumchukia, "Kaka, umekula?" Mimi nikilewaga ananiita takataka.

Jumapili, 3 Novemba
Mseti anatetemeka kitandani kwangu. Jana aliapa hanywi tena, na leo mwili unamdai. Eunice kaja na uji. Kanipita mlangoni kama ndoo.
"Nyamhanga, chupa iko wapi? Niimwage."
Nikamwonyesha ya uvunguni. Kaimwaga yote. Mseti analia: "Rika, kidogo tu, nipoe."
Nimekaa kizingitini, naandika. Anampepea, anamlisha kwa kijiko. Kijiko! Nilipougua malaria mimi nilijilisha mwenyewe.
Chupa ya pili iko kwenye koti nililovaa. Hajauliza.
Sasa anaita: "Nyamhanga, vua hilo koti nimfunike, baridi inamuua."
Nimemjibu hata mimi nasikia baridi. Jua la saa saba hili! Kaweka kijiko chini. Ananiangalia koti —