Karabai za Baba Huko Juu

Kwa kaka yangu Chande, Jemadari Mkuu wa Dola ya Nyota,

Shikamoo kaka, na assalaam aleykum. Naomba Mungu hewa ya huko juu iwe inapatana na kifua chako, maana hata moshi wa kukaushia samaki wa migebuka ulikuwa ukikukohoza. Sisi hapa Ujiji tu wazima. Mama miguu inamvimba ila ulimi haujambo. Mwanangu Nasra anaota meno, halali wala halazi mtu. Nimempakata hapa, naandika kwa mkono mmoja. Ukiona wino umevurugika, ni kidole chake.

Habari zako tunazipata. Soko la Mwanga wameweka kioo kikubwa cha matangazo ya Dola, na kila ukipanda cheo akina mama wa dagaa hunicheka, ati dada wa mkuu wa nyota bado anabishania kopo la dagaa. Nacheka nao. Lakini kila cheo chako nakijua kilikotoka. Uliondoka hapa mbeba mizigo. Vita vya kwanza ukamwambia nahodha asiwafukuze maadui, awangoje, wakakupa nyota ya begani. Hayo ni maneno ya baba, kwamba samaki hafukuzwi, huitwa. Mwaka wa pili ukazima injini, meli zako zikaelea kama magogo. Baba tena, alivyokuwa akitukataza kugonga kasia tusishtue samaki. Wakubwa wa Dola wakasema akili kama yako haijapata kuonekana. Mama alilia kwa furaha, na mimi nilijivuna, sikufichi.

Kisha vikaja vita vya kule Seruhi. Tulikuwa sokoni, Nasra mgongoni. Tukaona kiooni umewasha taa kubwa saba gizani, na meli zao zikaja, zikazizunguka. Ukaanza kuzima. Ya kwanza, ya pili, mpaka ikabaki moja, nao wote wamebanana chini yake, kama dagaa usiku ziwani chini ya karabai, ile taa ya mwisho ya baba. Mtangazaji hajasema neno, nilishajua wavu uko wapi. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikaa juu ya magunia.

Mtangazaji alisema zilikuwa meli za kivita. Kaka, walionusurika wameletwa huku kwetu. Anésie, yule jirani yetu Mrundi aliyehamia Kidahwe, amempokea mama mmoja wa Seruhi; anasema kukimbia anakujua, hahitaji kusimuliwa. Nikampelekea unga. Kwa Kiswahili chake cha kuokota yule mama akanieleza kwamba hawakuwa askari. Miji yao ilikuwa imechomwa, wanatafuta pa kwenda, wakaona taa, wakadhani ni watu wa kuwaokoa. Alikuwa na watoto watatu. Sasa hana. Akaomba ambebe Nasra, nikampa. Akamnusa utosini, akanirudishia. Halafu akaniuliza, mtu aliyewasha taa zile alilelewa na nani. Nikaaga, nikaondoka.

Sasa nakuambia lililonifanya nishike kalamu. Kesho yake nilirudi Kidahwe nikamjibu. Nilimwambia ni kaka yangu, na nikamweleza kazi ya baba yote. Kwamba wakiona taa zinazimwa moja moja, wakimbie wakati bado mbili zinawaka. Kwamba karabai haifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo wawashe taa zao wenyewe kila upande, kusiwe na giza la kuwafanya wavutwe na taa moja. Ana ndugu zake ambao bado wanapigana, na maneno yameshawafikia. Khalfani, baba Nasra, yumo ndani ya meli yako. Nilijua hilo, na nikasema. Hakuna aliyenilazimisha.

Niite msaliti ukipenda. Dola wakija kunichukua, Nasra atabaki kwa mama, nimeshamzoesha uji. Lakini kazi ya baba ilitulisha sisi wawili, kaka. Angalia umeifanyia nini.

Barua hii anakuletea Alphonce wa Ilagala, askari wenu aliyekuwa likizo, aiweke mkononi mwako mwenyewe. Mama anakusalimu sana, anauliza kama huko mnapata ugali wa muhogo. Yeye sijamwambia kitu. Mpe Khalfani salamu zangu, mwambie mwanawe ana meno mawili ya chini.

Na siku ukiona kumewaka kila upande, nakuomba, fanya kama baba mwezi ukiwa mpevu. Alivuta mtumbwi mchangani, akarudi nyumbani kulala.

Ni mimi mdogo wako,
Kuruthumu binti Abdulkarimu
Ujiji