Bakuli Jeusi Lililovunjwa na Adrienne

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Stockholm
Jina: Natalie Gitonga. Umri: miaka 26. Kazi: mfinyanzi. Makazi: Tumba.

Mimi na Adrienne tunafanya kazi katika karakana ya Rebecka, Södermalm. Tunafinyanga mabakuli ya chai ya mtindo wa Kijapani, kwa udongo mmoja na rangi moja nyeusi inayogeuka kioo motoni. Mgeni hawezi kutofautisha kazi zetu. Rebecka anaweza. Husema bakuli la Adrienne linaukaribisha mkono. Kuhusu langu, husema limenyooka.

Mnamo tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, tulifungua tanuri. Rebecka alichagua bakuli langu moja liende kwenye maonyesho. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kuchagua langu. Nililiweka dirishani, nikatoka nje kumpigia mama simu.

Adrienne ana desturi ya kuvunja kazi yake isiyomridhisha, kwa nyundo, ndani ya ndoo. Niliporudi, ndoo ilikuwa miguuni pake, ina vipande vya mabakuli mawili. Dirishani hapakuwa na kitu.

Rebecka alisema huo ni wivu mtupu. Aliwapigia polisi, akamwambia Adrienne aache funguo mezani. Mimi nilitaka uwe wivu. Tangu nimjue Adrienne namwonea wivu, hata anavyonawa udongo mikononi. Nilifurahi kwamba naye, walau mara moja, amenionea wivu.

Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Pardon, dada. Nilizani ni yangu, ile yenye ilinishinda."

Nilitafuta uongo usoni mwake, sikuuona. Hakuwa amelipindua kuangalia alama yangu kwenye kitako. Yake pia huwa hayapindui.

Afande, umeniuliza kama alikusudia kunidhuru. Jibu langu ni hapana. Alipoinua nyundo, alichokiona mbele yake ni bakuli bovu la Adrienne. Ningeweza kusema vingine, na meza yake ingekuwa yangu. Nimesema hivi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nami nayatia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi) N. Gitonga

Dokezo la afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Hanna, kupitia mkalimani Bethuel, na shahidi amesomewa. Ameonyeshwa vipande vilivyokuwa kwenye ndoo ili atenge vya bakuli lake. Amevipanga na kuvipangua kwa muda mrefu. Isipokuwa kimoja chenye alama, ameshindwa.