Mama, Nimekwamwa na Mwiba wa Mbasa

Shikamoo, Mama. Marahaba yako sitaisikia, lakini ningeanza barua bila salamu ungeninunia huko huko uliko.

Naona aibu hata kukuambia. Mimi, mtoto wa Chiwanda, niliyezaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kula samaki kabla ya kuota meno yote, nimekwamwa na mwiba wa mbasa hapa Mbinga, mbele ya wakwe zangu! Mama mkwe akanipa tonge kavu la ugali nimeze. Wapi! Shemeji akasema, "Pole sana, shemeji. Sasa sisi wa milimani tusemeje?" Cheka tu, Mama.

Haraka ndiyo iliyoniponza. Tangu tukuzike nilikuwa nakula huku nasahihisha madaftari ya wanafunzi, au simu iko sikioni. Usingizi sina. Hata kulia sikulia, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza.

Nesi aliyeutoa mwiba alinipima presha, akaguna. Ilikuwa juu, kama yako kabla ya kile kiharusi. Sabina, mkweo, alinishika mkono, akamwomba nesi apime tena.

Nesi akanipa dawa, akanifundisha na zoezi. Kaa, vuta pumzi polepole, ifuatilie inavyoingia na kutoka. Ukila, kula tu, sikia ladha. Mawazo yakitoroka, yarudishe bila kujigombeza. Nusura nimwambie kwamba kwetu hiyo ni sheria ya nyumba! "Anayekula mbasa asiwe na safari," ulikuwa unatuambia, huku vidole vyako vikiwachambulia wajukuu minofu.

Basi najaribu. Mwanzoni dakika mbili niliziona ndefu kama mkesha wa Pasaka. Sasa presha imeanza kushuka, na Sabina ameanza tena kunitania.

Lakini jana, Mama... Nilitulia na sahani yangu. Nikasikia muhogo kwenye ugali, nikasikia samaki anavyoniunguza vidole. Na hapo hapo nikahisi kwamba haupo. Haupo kabisa. Kumbe hilo ndilo nililokuwa nalikimbia miezi yote hii. Nililia mezani, mbele ya watoto, na Sabina akasogeza tu kiti chake karibu na changu.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi, majonzi yakija tena yatanikuta nimekaa.

Mwanao,
Festo