Pembe za Ng'ombe wa Baba

Jumatatu, 5 Julai 1999

Mazoezi tena baada ya foleni ya maji. Kuimba naweza. Kucheza bado. Mwalimu Deo, kiongozi wa kwaya yetu, hucheza akitutazama, basi mkono wake wa kulia kwangu unakuwa wa kushoto. Nikishapata mikono, miguu imenitoka. Konsolata, anayesimama kando yangu, alisema, "Dada Spesi, unacheza kama mtu aliyeangusha sindano." Wote walicheka. Nami nilicheka. Iliniuma.

Kibali cha kutoka kambi hii ya wakimbizi kwenda kijiji cha Runazi, kwenye sikukuu ya mavuno, ni cha watakaocheza tu. Jumamosi Mwalimu anachagua. Shangazi Veneranda, dada yake baba, yuko Runazi tangu kabla sijazaliwa. Hajui kwamba kaka yake amekufa. Mama hataki apelekewe na mtu baki. Anasema habari hiyo ipelekwe na mtu wa damu, kwa mdomo. Miguu ya mama haimfikishi hata bombani. Nimebaki mimi.

Jumanne, 6 Julai

Nimeupanga mchezo wote kwa namba, kama nilivyokuwa nikipanga hesabu shuleni. Nimekariri nikichambua maharage. Kwa mdomo ninazo zote. Ngoma ilipopigwa, namba zikapotea. Nimejikasirikia.

Jumatano, 7 Julai

Leo Mwalimu aliita, "Pembe!" Maana yake mikono juu. Konsolata akaipinda yake nyuma ya kichwa, mifupi mifupi. Mwalimu akasimamisha ngoma.

"Wewe mtoto, hiyo ni pembe ya mbuzi. Sisi tunacheza ng'ombe."

"Mwalimu, nilivuka mpaka nikiwa mdogo. Hapa Lukole ni mbuzi tu. Hata ndotoni naota mbuzi."

Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilibaki nikifikiri. Kumbe mikono inabadilika kwa sababu ng'ombe wanabadilika. Kwanza pembe zinazopanda wima. Kisha zilizofunguka kama beseni. Kisha zinazotazama mbele. Nimeimba hapa miaka, sikuwahi kujiuliza. Na ng'ombe nawajua. Baba alikuwa nao.

Alhamisi, 8 Julai

Namba nimeziacha. Kila sehemu nimeipa ng'ombe wa kwetu. Gitare, mweupe, pembe wima, mwendo wa pole: huo ndio mwanzo. Bihogo, wa kahawia, pembe pana, mwenye tabia ya kuwasukuma wenzake: hapo tunageuka. Gaju, aliyekuwa akirudi nyuma kila akiona maji: hapo tunarudi. Sikukariri. Niliwafungulia zizi, wakatoka kwa mpangilio. Habari ya kulia na kushoto nayo imeisha, kwa sababu nawaona kwa nyuma, kama mchungaji. Simtazami tena Mwalimu.

Kilichonishinda wiki nzima nimekipata asubuhi moja. Lakini nilikuwa nikiwaita kwa sauti. Mama alikuwa anakoroga uji. Alisema, "Usiwaite humu ndani." Akatoka. Uji ukaungua.

Siku tuliyokimbia vita, baba alikuwa ameshafika mtoni mpakani pamoja nasi. Ndipo akageuka kuwafuata ng'ombe. Waliokuja nyuma yetu walimkuta amelala njiani. Mama hajawahi kuwataja ng'ombe wale tangu siku hiyo.

Ijumaa, 9 Julai

Nafanya mazoezi nyuma ya nyumba, kimya, midomo imefungwa. Kusahau si tatizo tena. Tatizo ni kukumbuka. Gaju akirudi nyuma, baba anatokea na fimbo yake. Miaka yote nimekuwa nikipita kando ya jambo hili, na sasa napita katikati yake kila mara ngoma inapoanza. Nataka kwenda Runazi. Nataka pia kuacha.

Konsolata alikuja jioni. "Dada, nigawie hao ng'ombe wako. Mimi nina mbuzi tu." Nilimfundisha. Tulipofika kwa Gaju nilisimama. Alishika mikono yangu akaipandisha mwenyewe, vibaya, ikabidi nimsahihishe. Tukaendelea.

Jumamosi, 10 Julai

Nimechaguliwa, mstari wa mbele. Konsolata wa nyuma. Hajali, anataka kupanda lori.

Nilimwambia mama. Aliuliza safari ni lini. Baadaye, akiwa amenipa mgongo: "Usimwambie akiwa amesimama." Ndiyo mara ya kwanza anazungumza nami vizuri tangu Alhamisi.

Jumamosi, 17 Julai

Safari ni kesho. Usiku sikulala vizuri. Mchezo nautoa hata nikisinzia. Maneno ya kumwambia shangazi sina. Nimejaribu kuyapanga, yanakataa. Kwa haya sina njia ya mkato.

Jumapili, 18 Julai

Tulicheza mbele ya kanisa la Runazi. Sikukosea. Shangazi hakuona. Alifika watu wakila. Alinitazama usoni kwa muda. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ni wa kaka yangu Mathiasi."

Kwake si mbali. Alitandika mkeka, akaleta mahindi ya kupukuchua, maana kukaa bure hajui. Nilisubiri akae. Nikasema tu, bila kupanga. Mikono yake ilisimama.

"Alikuwa anakimbia?"

"Hapana, shangazi. Alikuwa anawarudia ng'ombe."

"Basi alikuwa kazini," alisema.

Akachukua hindi lingine. Nami nikachukua. Aliuliza kama mama anapata chumvi. Lori lilipopiga honi, alifunga mahindi kwenye kitenge, ya mama, akanisindikiza hadi barabarani akiwa amenishika kiganja.

Njiani vumbi lilikuwa jingi. Konsolata alinilalia begani. Mwalimu akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, tukamfuata.