Taa ya Kushoto

Maebashi, 9 Mei 1967

Dada Mitsuyo,

Natumaini hamjambo, na goti la Mama limepata nafuu. Mimi mzima, ila chakula hakipiti.

Lori limemgonga mzee wa baiskeli kwenye njia panda ya ofisi yetu. Dereva, Sugaya, yuko rumande. Wenye maduka wanne wameapa kwamba alipita taa nyekundu. Lakini wao waligeuka waliposikia kishindo, taa imeshabadilika. Mimi nilikuwa naitazama tangu kabla. Katika zile tatu zilizopangwa kwa mlalo, iliyowaka ni ya kushoto, ya kuruhusu.

Nikitoa ushahidi, watachunguza macho yangu. Itajulikana kwamba sitofautishi nyekundu na kijani, na kwamba kasoro hii hurithiwa kwa mama. Nawe unajua akina Morioka wameweka mpelelezi auchunguze ukoo wetu kabla hawajakuposa.

Tena najiuliza, nani aliyewahi kuijua taa yenyewe? Wao wana rangi yao kichwani, nami nina yangu. Huenda taa haina hata moja. Basi nikinyamaza, sijadanganya.

Mdogo wako,
Kunihiko

Kiryu, 13 Mei

Kuni,

Hatujambo. Goti ni lile lile. Barua yako nilimsomea Mama akitia figili chumvi. Akasema, "Mwambie anyamaze." Mimi nasema usinyamaze.

Kama hakuna ajuaye kitu, mbona vijiti vyako vya chakula havikosi mdomo? Hiyo falsafa umeifanya blanketi, umejifunika gubigubi. Sugaya hafungwi kichwani mwako, anafungwa gerezani. Na mchumba ni wangu, usimfanye kisingizio chako. Kama akina Morioka wanatafuta macho, sokoni vichwa vya samaki ni tele.

Dada yako,
Mitsuyo

Maebashi, 2 Juni

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimekwenda mahakamani. Hakimu aliniambia nikae.

Mwendesha mashtaka alifungua kile kitabu cha madoa ya rangi, cha kupimia macho shuleni.

"Unaona tarakimu gani?"

"Sioni tarakimu."

Watu wakacheka.

"Kumbe Bwana Orihara hujui nyekundu ilivyo."

"Yako siijui, mheshimiwa. Nawe yangu huijui. Hakuna humu aliyetoka nje ya kichwa chake akaenda kuikagua. Ndiyo maana mimi natazama ipi inawaka."

"Asiyeona rangi ndiye atufundishe kuona?"

"Anayejua kwamba macho yake humdanganya hutazama kwa makini. Hao wanne hawakuwa na shaka, kwa hiyo walitazama mara moja tu, tena wamechelewa."

Safari hii hakucheka mtu. Hukumu ni tarehe ishirini. Jina letu limetoka gazetini. Nisamehe.

Mdogo wako,
Kunihiko

Kiryu, 11 Juni

Kuni,

Sisi wazima. Mshenga alikuja jana, akanywa chai yetu vikombe viwili, ndipo akasema akina Morioka wameghairi. Mwana wao hakuja naye. Mama alilia. Mimi nililia kidogo, kisha nikamuuliza mshenga kama anataka kikombe cha tatu.

Usiniombe msamaha tena.

Ile kimono niliyoshonewa kwa ajili ya posa ni nyekundu, ndivyo wanavyosema. Nitaivaa tarehe ishirini, nikae mstari wa mbele. Wewe ione vyovyote macho yako yatakavyokuambia. Ndani yake nitakuwa mimi.

Dada yako,
Mitsuyo