Watapanda Nini Humo?

Mpendwa mama,

Shikamoo. Unakumbuka siku redio iliposema Tanga itajengwa bustani ya teknolojia? Tulikuwa barazani kwetu Mkwaja, wewe unakata tai-tai, zile kamba fupi za kushikizia mwani, mimi nakufungulia mafundo yaliyokaza. Ukanyanyua kichwa. "Bustani? Watapanda nini humo?"

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. "Wacheka nini nawe? Si nauliza?" Kisha ukarudi kwenye kamba zako. Mpaka tunakuzika sikuwa nimekujibu, na hilo linaniuma.

Sasa nafanya usafi humo humo bustanini. Udadisi wangu unaujua, kila mlango nachungulia. Kuna kampuni ya vijana wa programu za simu, wanaongea na kompyuta kuliko wanavyoongea wao kwa wao. Kuna darasa, wanafunzi wa sekondari huletwa kujifunza kuunda mitambo midogo. Mwisho kabisa maabara. Hapo nilisahau fagio mkononi: mabeseni makubwa ya maji ya bahari, na ndani yake mwani!

Lakini beseni moja mwani wake ulikuwa umepauka, ncha zinakatika, kama ule wetu wa mwaka wa mvua nyingi. Mtafiti, binti mdogo tu, kashika tama. Nikachovya kidole, nikaramba.

"Mama wee! Unaonja maji ya maabara?"

"Chumvi imepungua," nikasema. "Mama yangu alikuwa akionja hivi kabla hajafunga kamba hata moja."

Nikajua kibarua kimeota nyasi. Akachukua kipimo chake, akapima, akapima tena. Kumbe bomba la kunawia lilikuwa likivujia humo. Alhamisi iliyofuata akaniita mbele ya wanafunzi niwaeleze. Mmoja akauliza, "Umesomea wapi, mama?" Nikamwambia Mkwaja, kwa mama yangu. Akaandika kwenye daftari.

Natamani kujua ungesema nini ukiuona mwani ndani ya nyumba, hauna wimbi wala maji kupwa. Nadhani ungemuuliza yule binti maswali mpaka akimbie. Mimi mwenyewe bado namuuliza. Kila siku nataka kujua wanaulisha nini, na kama unajua kwamba hauko baharini.

Nimechelewa, lakini jibu lako ninalo. Mwani, mama. Wamepanda mwani.

Ni mimi mwanao,
niliyecheka.